Kutoka Mathari hadi Eldoret: Jinsi Elimu ya Hisia Ilivyojifunza Kusikiliza

Mji wa Eldoret ulianza kama namba. Mwaka 1908 msafara wa Makaburu kutoka Afrika Kusini, ukiongozwa na Jansen van Rensburg, ulipanda hadi nyanda za juu za Uasin Gishu kwa magari ya kukokotwa na ng'ombe, na ardhi ikakatwa vipande vya mashamba. Posta ikawekwa kwenye shamba namba 64, mji ukaota hapo, na mpaka leo wenyeji huuita Sisibo. Jina la Eldoret lilikuja mwaka 1912, na reli ikafika mwaka 1924. Waliolima mashamba yale, Wanandi, Waluhya na wengineo, waliishi humo na familia zao kama maskwota. Mwanamume alitembea na kipande, cheti kilichobeba alama za vidole vyake, jina la mwajiri na mshahara wake. Mwanamke hakuandikwa popote. Na mtu alivyojisikia moyoni, awe mume au mke, hakuna ofisi iliyotaka kujua.

Aliyekuja kudai kwamba anajua alikaa mbali, Nairobi. John Colin Carothers alikuwa daktari wa kawaida wa serikali ya kikoloni alipokabidhiwa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari mwaka 1938, bila mafunzo maalumu ya magonjwa ya akili. Aliiongoza hadi mwaka 1950. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika, na mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ikachapisha kijitabu chake juu ya saikolojia ya Mau Mau. Katika maandishi hayo Mwafrika alilinganishwa na Mzungu aliyepasuliwa na kukatwa mishipa ya sehemu ya mbele ya ubongo. Carothers alisema pia kwamba sonona ni nadra kwa Waafrika, na sababu aliyoitoa ni kwamba Mwafrika hajibebeshi lawama, hivyo huzuni haimwingii ikamlemea.

Ushahidi wake mkubwa ulikuwa wagonjwa wa Mathari. Basi tujiulize ni nani aliyepelekwa Mathari zama hizo. Alipelekwa aliyevunja vitu, aliyetishia watu, aliyezurura uchi barabarani mpaka chifu au polisi wakaingilia. Mama aliyefiwa na mtoto, akanyamaza miezi mitatu huku akiendelea kuteka maji na kupika, hakuna aliyempakia kwenye gari kumpeleka Nairobi. Alibaki nyumbani, na kwa kuwa alibaki nyumbani, sayansi ya Carothers haikumwona. Kisha kutoonekana kwake kukaandikwa kuwa ni kutokuwepo. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Frantz Fanon, daktari wa magonjwa ya akili aliyefanya kazi Algeria, alimshambulia Carothers kwa jina katika kitabu chake cha mwaka 1961 kuhusu waliolaaniwa wa dunia. Alionyesha jinsi madai kama hayo yalivyoutumikia utawala. Lakini ili madai hayo yang'olewe na mizizi, ilibidi mtu aende kwa wale ambao hospitali kubwa haikuwaona. Mwaka 1979 madaktari wawili, David Ndetei na Joseph Muhangi, walichapisha katika jarida la Uingereza la magonjwa ya akili matokeo ya utafiti wao kwenye kliniki ya kawaida ya mashambani nchini Kenya. Takriban mgonjwa mmoja kati ya kila watano alikuwa na tatizo la akili, hasa sonona na wasiwasi. Watu hawa walikuwa wamekuja kulalamikia mwili: kichwa, kifua, tumbo, usingizi. Mwaka huohuo John Orley na John Wing walitoa matokeo kutoka vijiji viwili vya Uganda, ambako sonona ilionekana kwa wingi kuliko katika mtaa wa Camberwell, London. Ugonjwa uliodaiwa kuwa nadra ulikuwa umejaa tele vijijini. Ulichokosa ni wa kuusikia.

Wakati huo tayari kundi jingine la watafiti lilikuwa limeshika njia tofauti kabisa. Liliacha wodi likaenda uani. Mwaka 1966 John Whiting na mkewe Beatrice, wote wa Chuo Kikuu cha Harvard, walianzisha kitengo cha utafiti wa makuzi ya watoto katika chuo kikuu cha Nairobi. Watafiti wa kitengo hicho na wa nyakati hizo walitawanyika: Ngecha kwa Wakikuyu, Kisa kwa Waluhya, Kokwet kwa Wakipsigis, na mitaa kama Kariobangi jijini Nairobi. Walifundisha vijana wa hapohapo kuchunguza na kuandika. Kanuni yao ilikuwa rahisi kueleza na ngumu kuitimiza: kaa pale mtoto alipo, andika anachofanya, anachoambiwa, na anachojibu.

Utafiti mmoja wa enzi hiyo ulifanyika Oyugis, kwa Wajaluo. Carol Ember aliwachunguza wavulana ambao mama zao, kwa kukosa binti wa umri wa kufaa, waliwapa kazi zilizohesabiwa kuwa za wasichana: kuchota maji, kupika, kulea mdogo. Matokeo aliyoyachapisha mwaka 1973 yalionyesha kwamba wavulana waliofanya kazi nyingi za ndani walikuwa na ukali mdogo kuliko wenzao, hata katika saa ambazo hawakuwa kazini. Tabia yao ilikuwa katikati ya ile ya wavulana wengine na ile ya wasichana. Hakuna aliyewahubiria upole. Walijifunza kwa kumbeba mtoto mgongoni na kutafuta njia ya kumnyamazisha. Kwa msomaji wa leo anayeambiwa kwamba ukali wa mwanamume umo katika damu, utafiti huu mdogo wa Nyanza unastahili kukumbukwa.

Lakini kijiji kilichotoa mafunzo mengi zaidi kuhusu hisia na maneno ya kila siku ni Kokwet, katika nchi ya Wakipsigis, ndugu wa Wanandi katika jamii ya Wakalenjin. Kilikuwa skimu ya makazi, shamba la zamani la mzungu lililogawiwa wananchi baada ya uhuru. Sara Harkness, mwanaanthropolojia, na Charles Super, mwanasaikolojia, walihamia huko mwanzoni mwa miaka ya 1970 wakaishi miaka mitatu. Harkness alirekodi mazungumzo ya kina mama na watoto waliokuwa wakijifunza kusema. Aliposikiliza, aligundua kwamba sehemu kubwa ya maneno ya mama kwa mtoto ilikuwa maagizo: leta kile, mshike mdogo wako, fukuza kuku. Mtoto naye hakutakiwa kujibu kwa hotuba. Jibu lake lilikuwa kuinuka na kufanya. Gumzo lake, na lilikuwa gumzo kweli, alilipiga na watoto wenzake.

Mwaka 1977 wawili hao walichapisha makala iliyouliza kwa nini watoto wa Kiafrika ni wagumu kupimwa. Jaribio lenyewe halikuwa na fumbo. Mtu mzima anamsimulia mtoto hadithi fupi, kisha anamwomba airudie. Watoto wengi wa Kokwet walikaa kimya, macho chini. Mtaalamu asiyewahi kulala kijijini angeandika kuwa akili zao zimechelewa, na wapo walioandika hivyo kuhusu watoto wa Afrika. Harkness na Super waliwajua watoto wale nje ya chumba cha jaribio. Walijua kuwa mtoto aliyenyamaza mbele ya mgeni mkubwa ni yuleyule aliyekuwa akiwapa wadogo zake amri njia nzima ya kwenda mtoni. Adabu aliyolelewa nayo ilimwambia kwamba mbele ya mtu mzima unasikiliza na kutenda. Kipimo kilikuwa kimepima heshima kikaiita upungufu. Na wazazi wa Kokwet wenyewe walitofautisha vizuri akili ya darasani na akili ya nyumbani, ile ya mtoto anayeona kazi akaifanya kabla hajatumwa.

Kilio nacho kilichunguzwa kwa umakini uleule. Katika makala yao ya mwaka 1985 kuhusu jinsi jamii inavyoilea hisia ya mtoto, walieleza jinsi mtoto mchanga wa Kokwet anavyojibiwa haraka akilia: ananyonyeshwa, anabebwa, anakabidhiwa kwa mlezi wake, msichana mdogo wa familia. Akifika umri wa kuachishwa ziwa na mdogo wake amezaliwa, mambo hugeuka. Kilio chake hakipati tena jibu lilelile. Anaelekezwa kwingine, anapewa kazi, anatumwa kwa wenzake. Mafunzo hayo ya polepole yalikuwa na mwisho unaojulikana na kila Mkalenjin: jando, ambapo kijana hutakiwa kuvumilia kisu bila hata kukunja uso, mbele ya watu watakaomkumbuka kwa hilo maisha yake yote. Kwa hiyo mwanamume wa miaka arobaini asiyeweza kumwambia mkewe kwamba anaogopa hakuzaliwa hivyo. Alifundishwa hatua kwa hatua, na waliomfundisha walimpenda na kumtakia heri.

Mwaka huohuo Harkness na Super walichapisha pia utafiti kuhusu jinsi wavulana na wasichana wanavyotengana. Watoto wadogo wa Kokwet walicheza pamoja bila kubaguana. Mgawanyiko ulikuja baadaye, kazi zilipowatawanya: mvulana alitumwa malishoni na ng'ombe, msichana akabaki karibu na nyumba na mtoto mgongoni. Hapo ndipo kila mmoja alipoanza kuzoea wenzake, maneno yake na mizaha yake. Kutokana na kazi ya Kokwet, mwaka 1986 Harkness na Super walitoa nadharia iliyowapa jina duniani. Wanasema makuzi ya mtoto hushikwa na nguzo tatu: mazingira na watu wanaomzunguka, desturi za malezi, na fikra za wale wanaomlea. Nadharia hiyo inafundishwa leo katika vyuo vikuu vya Ulaya na Marekani, na chimbuko lake ni nyua za wakulima wa Kipsigis.

Kwa Wanandi, jirani kabisa na Eldoret, Regina Oboler alikaa miaka ya 1976 na 1977 akichunguza nafasi ya mwanamke na ya mwanamume. Alieleza kwa kina ndoa ya mwanamke kwa mwanamke, ambapo mwanamke asiye na mwana wa kiume huoa mke ili nyumba yake ipate mrithi. Jamii humtaja kuwa ni mwanamume, na yeye mwenyewe husema hivyo hivyo, hasa panapohusu mali na urithi. Katika shughuli nyingi za kila siku, Oboler alibaini, mwenendo wake haubadiliki kiasi hicho. Kauli ya watu ilikuwa imebeba mzigo wa kisheria ambao tendo pekee lisingeweza kuubeba.

Hadi hapo watafiti wengi walikuwa wageni. Walikuja, wakasikiliza vizuri, wakaondoka na madaftari. Mabadiliko makubwa yalikuja Eldoret ilipopata chuo kikuu. Tume iliyoongozwa na Colin Mackay ilipendekeza mwaka 1981 chuo kikuu cha pili cha Kenya, na Chuo Kikuu cha Moi kikaanzishwa mwaka 1984. Kitivo chake cha sayansi za afya kilipokea wanafunzi wa kwanza mwaka 1990, na mkuu wake wa kwanza, Haroun Mengech, alikuwa daktari wa magonjwa ya akili. Kitivo kiliweka utaratibu wa kuwapeleka wanafunzi wakaishi na kujifunza ndani ya jamii tangu mwanzo wa masomo, kabla hawajazoea kuwaona watu kama vitanda vya wodini. Idara ya sayansi za tabia ikawa na wanasaikolojia wake yenyewe, akiwemo David Ayuku, ambaye kwa miaka mingi amekuwa mhimili wa tafiti za aina hii mjini humo.

Kazi moja ya Ayuku, aliyoichapisha mwaka 2004 pamoja na wenzake wa Uholanzi, ilihusu watoto ambao Eldoret iliwajua kwa jina la chokoraa. Badala ya kuwahesabu tu, waliwauliza kuhusu watu wao: unamtegemea nani, nani anakusaidia, uko karibu na nani. Waliwalinganisha watoto wa makundi manne: wanaoshinda mtaani na kurudi nyumbani jioni, wanaolala mtaani, walio kwenye makao ya watoto, na wanaokwenda shule. Mtoto mwenye chupa ya gundi puani, ambaye mpita njia humwona kama takataka ya barabarani, alianza kuonekana akiwa na mtandao wake wa uhusiano, dhaifu au imara, na pa kuanzia kumsaidia pakajulikana.

Kisha ukimwi ukaja na kugeuza kila kitu. Mwaka 2001 Chuo Kikuu cha Moi, hospitali yake ya rufaa na vyuo washirika kutoka Marekani, kikiwemo cha Indiana, walianzisha mpango wa AMPATH. Maelfu ya watu walianza kupata dawa, na wahudumu wakagundua kwamba mgonjwa mwenye huzuni nzito au mwenye ulevi anaweza kuziacha dawa ndani ya droo. Mwaka 2009 yalichapishwa matokeo ya kupima kama dodoso la maswali tisa la sonona, linalotumika duniani kote, linafaa magharibi mwa Kenya. Wagonjwa 347 walishiriki, na dodoso likaonekana linafaa. Miaka 56 baada ya kitabu cha Carothers, sonona ilikuwa ikiulizwa kwa Kiswahili, na watu wakajibu.

Hata hivyo dodoso ni mlango tu. Aliyewahi kukaa na mshauri wa Eldoret anajua jinsi watu wanavyoingia humo. Mama haanzi kwa kusema ana huzuni. Anasema ana mawazo mengi. Anasema roho ni nzito, usingizi hauji, mgongo unamuuma tangu mume aache kazi. Baba anasema yuko sawa, ni stresi tu, ni maisha. Mshauri mzuri haharakishi kuweka alama kwenye kisanduku. Anauliza mawazo hayo huja saa ngapi, nani mwingine nyumbani anayajua, na mara ya mwisho walikula pamoja lini. Huko ndiko ugonjwa unakojitokeza, na huko ndiko tiba inakoanzia.

Rebecca Papas na wenzake waliizingatia hali hii walipotengeneza tiba ya kikundi ya kupunguza ulevi kwa watu wenye virusi vya ukimwi. Waliifanyia mabadiliko kwa hatua, ikaendeshwa kwa Kiswahili na washauri wasio madaktari, vikao sita, kimoja kila wiki, wanaume kivyao na wanawake kivyao. Busara ya kuwatenganisha inaeleweka kwa yeyote anayejua nyumba za chang'aa na busaa. Mwanamume hunywa mbele za watu, na anayempikia pombe mara nyingi ni mwanamke anayetafuta karo ya shule. Mwanamke anayekunywa hujificha. Jaribio kubwa la tiba hiyo, lenye washiriki 614, lilichapishwa mwaka 2021.

Katikati ya miaka hiyo Eldoret ilipita kwenye moto. Tarehe 1 Januari 2008, katika ghasia za baada ya uchaguzi, kanisa la Kiambaa, nje kidogo ya mji, liliteketezwa likiwa na watu waliokimbilia humo, wengi wao wanawake na watoto. Uwanja wa maonyesho ya kilimo ukajaa wakimbizi wa ndani. Majirani waliosalimiana kila asubuhi walikoma kusemezana. Baada ya msiba wa namna hiyo, kazi ya kuwarudisha watu kwenye mazungumzo ilikuwa na uzito kuliko utafiti wowote.

Ndipo ukaja mpango ulioitwa Tuko Pamoja, ushirikiano wa Ayuku na Eve Puffer, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Duke. Wazo lake lilikuwa kwamba ushauri wa familia usingoje wataalamu ambao hawapo. Walichaguliwa watu ambao tayari jirani akigombana na mkewe huwakimbilia: watu wa kanisani, viongozi wa mtaa, akina mama wanaoaminika. Walifunzwa hatua za tiba ya familia, wakazitumia kwa lugha yao na kwa namna waliyozoea kusaidia. Ilibidi baba asikie mtoto akisema, na mama aseme bila kukatizwa. Katika nyumba ambamo maneno kwa mtoto yamekuwa maagizo tangu enzi, hilo ni jambo kubwa.

Kutokana na kazi hiyo mtafiti Ali Giusto aliona kwamba baba mlevi ndiye aliyekuwa akikosekana. Yeye na wenzake, Ayuku akiwemo, walitengeneza ushauri wa vikao vitano kwa kina baba, wakichanganya njia za kupunguza pombe na mazungumzo kuhusu mwanamume ni nani. Mazungumzo hayo yanafika palipo na kidonda. Baba amefunzwa kwamba thamani yake ni mkate anaoleta. Kazi zikikatika, anaona aibu kurudi nyumbani mikono mitupu, anapitia kwa mama pima, muuza pombe, na anachorudi nacho ni harufu ya pombe. Ushauri ulimwomba afikirie mambo ambayo baba anaweza kumpa mtoto hata mfuko ukiwa mtupu: kumsindikiza shule, kuuliza siku yake ilikwendaje, kukaa mezani. Jaribio la kwanza, lililochapishwa mwaka 2020, lilikuwa na kina baba tisa tu, na wanane walimaliza. Unywaji ulipungua na muda na watoto ukaongezeka. Watafiti hawakumtegemea baba peke yake kwa habari hizo. Familia nayo iliulizwa.

Tisa ni wachache, na watafiti wenyewe walilichukulia kama jaribio la mwanzo. Uzito wake uko katika mahali lilipotua. Wakipsigis wa Kokwet walionyesha jinsi kijana anavyofundishwa kuificha hisia, na wavulana wa Oyugis walionyesha kwamba malezi ya mtoto humlainisha anayeyafanya. Kina baba wa Eldoret walionyesha kwamba mtu mzima naye anaweza kujifunza upya, akipata mwenzake wa kuongea naye anayeyajua maisha yake.

Agosti 2024 Eldoret ilipata hadhi ya jiji. Ina hospitali ya rufaa, ina wasomi, ina miaka zaidi ya thelathini ya elimu hii. Bado matokeo karibu yote yamo katika majarida ya Kiingereza ambayo mshauri wa mtaani hayapati, ilhali maneno yaliyoyazaa yalisemwa kwa Kiswahili, Kikalenjin na Kiluhya. Bado washauri hawa wengi hujitolea, fedha za mradi zikiisha wanarudi kwenye vibanda vyao. Serikali ya kaunti ikitaka kupunguza ulevi, kujiua na vita vya ndoa, itenge fungu la kuwalipa, na chuo kikuu kiwaandikie mwongozo kwa lugha wanazofanyia kazi. Watu hao wanaufahamu mji huu kuliko dodoso lolote, na elimu iliyotokana na vinywa vya watu ina wajibu wa kuwarudia.